Sanda ya Baba na Betri ya Lori

Juma lililopita binti yangu alinipeleka Karen kununua vitu vya nyumbani, na tulipotoka dukani gari lake likakataa kuwaka. Akampigia fundi simu. Yule fundi alipofika hakugusa boneti. Alikwenda nyuma, akafungua buti, akainua zulia, na betri ikaonekana imekaa pale chini kimya. Binti yangu ameliendesha gari lile miaka, wala hakujua.

"Kumbe betri iko huku?" akasema.

"Mengi ya siku hizi yako hivyo, madam," fundi akamjibu.

Mimi nilikuwa nimeinama juu ya buti, nanusa. Mpira, grisi, na ule ukali mdogo wa asidi unaokwenda kukaa nyuma ya pua. Harufu moja tu ilikosekana, ya karafuu maiti, ile kafuri nyeupe tunayoitia katika maji ya kuwaoshea wafu. Kama ingekuwapo, ningefumba macho nikarudi kuwa mtoto palepale, mbele ya watu.

"Mama, unanusa nini?"

"Nawanusa wazazi wangu," nikamwambia, naye akacheka akidhani ni mzaha.

Tulikuwa tukikaa Jamhuri, katika zile nyumba zilizo karibu na uwanja wa maonyesho. Wazazi wangu walitoka Mombasa kabla sijazaliwa. Asubuhi Baba alikuwa karani katika duka la vitambaa Mtaa wa Bazaar, katikati ya mji, na jioni alisomesha watoto chuo cha Kurani sebuleni kwetu, kwa hiyo kila mtu alimwita Mwalimu, hata Mama. Mama jina lake Zuhura, na kazi yake ilikuwa kuosha maiti za wanawake. Sisemi kazi kwa maana ya mshahara, kwani hakupokea hata senti. Alifundishwa na bibi yake, naye alihesabu kuwa ni amana.

Upande ule wa magharibi ya mji Waislamu tulikuwa wachache, tumetawanyika kama mchele uliomwagika: familia moja hapa, mpishi na mkewe kule Karen nyuma ya nyumba ya tajiri, wachuuzi kadhaa Kangemi katika vyumba vya kupanga. Wakifa wanaume, waoshaji hawakukosekana. Akifa mwanamke, aliitwa Bi Zuhura. Na mtu wetu akifa tunamwahi kumzika, ikiwezekana siku ileile. Aliyekufa alfajiri hungojewa na kaburi alasiri. Kila saa ambayo Mama alichelewa ilikuwa saa ambayo mwanamke fulani alilala mkekani, hajaoshwa, watu wamemzunguka hawajui waanzie wapi.

Ndiyo maana Baba alinunua gari. Lilikuwa gari dogo la Kiingereza, rangi ya chai iliyozidi maziwa, nalo lilikuwa limekwisha kutumika na watu wengi kabla yetu. Buti lake lilikuwa la Mama. Humo mlikaa beseni, birika la shaba, ubao wa kuoshea, kopo la karafuu maiti, udi, na furushi la bafta nyeupe za kukatia sanda, limefungwa katika kanga safi. Hatukuruhusiwa kutia kitu kingine, hata kikapu cha sokoni. "Buti lina wenyewe," Mama alikuwa akisema, "na wenyewe hawawezi kulalamika. Basi mimi nalalamika kwa niaba yao."

Lakini gari lile lilikuwa na ugonjwa. Betri yake ndogo ilikaa mbele, imebanwa na bomba la moto la injini, ikichemka kila siku kama sufuria iliyosahauliwa. Maji yakikauka, Baba huyaongeza; kesho yamekauka tena. Na siku moja ya mvua, alipokuja mtu kwa baiskeli kutoka Kangemi kusema kwamba mama wa muuza mkaa amefariki, Baba aliwasha gari likatoa sauti kama mtu anayegonga meno, likanyamaza.

Majirani walilisukuma mpaka barabara ya Ngong. Halikuwaka. Baba akaenda kutafuta gari la kuazima, na kulipata kukachukua mchana mzima. Mama alipofika Kangemi jua lilikuwa linazama, na mazishi yakaahirishwa mpaka kesho. Hakuna aliyemlaumu. Wale watu walimpa chai na wakamshukuru kwa kuja.

Aliporudi alikaa jikoni bila kuvua buibui.

"Hawakusema neno, Mwalimu," akamwambia Baba.

"Basi tumshukuru Mungu."

"Na yule mama pia hakusema neno. Ndilo linaloniuma."

Baada ya hapo Baba hakuwa na raha na gari lake. Alimweleza habari hiyo tajiri mmoja wa malori aliyekuwa akija dukani, ambaye mkewe alioshwa na Mama. Yule bwana akaleta zawadi ambayo hakuna mwanamke mwingine wa Jamhuri aliyewahi kuletewa: betri ya lori. Ilikuwa nyeusi, nzito, ina ukubwa wa jiwe la kizingiti. Watu wawili waliiteremsha.

Baba akaipeleka kwa fundi wetu wa barabara ya Grogan, Kalasinga aliyeitwa Mohinder, mtu mnene, mwenye ndevu zilizofungwa kwa wavu, na mikono laini kama ya mshonaji. Mohinder akafungua boneti, akaitazama betri, akaitazama nafasi, akamtazama Baba.

"Mwalimu, gari yako ni kuku. Wewe nataka yeye kaa na yai ya mbuni."

"Haliingii?"

"Hapana ingia. Hata kama naingia, hapa iko moto. Mwezi moja, kwisha."

"Basi nyuma je? Ndani ya buti?"

Mohinder akafikiri, akaanza kutikisa kichwa kwa furaha. "Iko sawa. Hata kuku naweka yai nyuma."

Akamweleza Baba kazi ilivyo. Waya mnene utoke kwenye betri upite chini ya zulia, pembeni, mpaka mbele. Kila mahali unapotoboa bati uvishwe mpira, kwa sababu bati likiula ule waya siku moja gari litawaka kama kuni. Waya mfupi ufungwe kwenye chuma cha gari kulekule nyuma. Na betri yenyewe ifungwe kwa ukanda wa chuma, isije ikaruka kwenye mashimo.

Baba alirudi nyumbani amejaa maneno hayo. Mama alimsikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchicha.

"Maliza, Mwalimu. Umesema buti gani?"

"Buti letu."

"Penye sanda."

"Pembeni yake, Bi Zuhura. Kuna nafasi."

Mama akainuka, akaenda kwenye kamba ya nguo, akarudi na kanzu ya Baba. Pindo lake la mbele lilikuwa limetobokatoboka, matundu madogo kama yaliyotafunwa na mende. Kila mara Baba alipoongeza maji ya betri, matone yalimrukia asione, na Mama alipofua, nguo iliachia.

"Hii ni nguo ya mtu aliye hai, naishona," Mama akasema. "Maiti atakayefunikwa kwa tundu nitamshonea wapi?"

Hawakugombana. Sikuwahi kuwasikia wakigombana. Lakini jambo likasimama pale, zito kama ile betri iliyokaa ukumbini, sisi tukiiruka kwenda kulala. Bila betri mpya Mama hafiki kwa wakati. Pamoja na betri mpya anafika na sanda asiyoiamini.

Hapa lazima niseme yaliyokuwa kichwani mwangu, kwa kuwa nilikuwa na umri wa kuelewa maneno yote na kuyapanga vibaya. Nilimwona Baba akiinywesha betri maji kila Ijumaa. Nilimsikia Mama akisema inakula nguo. Niliona kwamba ilikaa gizani, imefungwa, na bila yenyewe gari zima halina uhai. Na kila tulipoingia garini Baba alisoma dua ya kupanda chombo, ile inayomtukuza Mungu kwa kututiishia kitu ambacho kwa nguvu zetu tusingekiweza. Chuoni tulikuwa tumesimuliwa habari za majini waliotiishwa zamani wakajenga na kubeba kwa amri. Basi nikajua. Ndani ya lile sanduku jeusi mlikuwa na jini, na baba yangu alikuwa amelitiisha. Lile la kwanza lilikuwa dogo na goigoi. Hili la lori lilikuwa jini kubwa.

Sikuogopa hata kidogo. Nilijaa fahari nikashindwa kulala. Nilimwambia rafiki yangu wa darasani kwamba wao wana gari jipya, lakini lao linakwenda kwa petroli tu.

Baba akatengeneza sanduku la mbao, akaiweka betri ndani, akalitia mfuniko. Mama akakubali kujaribu. Alikata kipande cha bafta, akakitandika butini, na kikakaa humo tangu Ijumaa moja mpaka ya pili. Siku hiyo Baba alikitoa akakiinua juani. Kilikuwa kizima, cheupe pe.

"Umeona?" akasema.

"Bado sijaona," Mama akasema. Akakitia katika beseni la maji, akakisugua mara chache kama afuavyo kitambaa cha mtoto, akakiinua. Jua likapita katikati yake kama kwenye chujio la nazi. Nguo iliyoguswa na asidi huficha jeraha lake mpaka iguswe na maji. Na nguo ya maiti inaguswa na maji.

Baba alikaa chini kwenye kizingiti. Nilimhurumia. Nilidhani jini limemwasi.

Ni Mama aliyemsogelea. Alikuwa ameshika pakiti ya magadi, yale tunayotia katika maharage yalainike.

"Mwalimu, ndimu ikimwagika kwenye magadi hufanyaje?"

"Huchemka."

"Kisha?"

Baba akainua uso. "Kisha ukali wake hufa."

"Basi na hii asidi si ukali tu?"

Wakaanza upya, wote wawili safari hii. Mama akashona vifuko virefu vya nguo nzito akavijaza magadi, wakavipanga kuizunguka betri pande zote. Baba akaziba viungo vya sanduku kwa lami, akavisha mfuniko ukingo wa mpira wa tyubu ya baiskeli, na akatoboa shimo moja akalitia bomba jembamba la mpira lililoshuka kupitia sakafu ya buti, ili pumzi ya betri itokee chini, barabarani. Mohinder alikuja Jumapili kufunga nyaya. Aliyaona yale magadi akauliza ni ya nini, na alipoelezwa akamgeukia Mama akainamisha kilemba chake.

"Mama Mwalimu, wewe kuja fungua gereji, mimi napika maharage."

Mama akafunika mdomo kwa kanga, akacheka.

Lakini alitaka jaribio jingine. Naye Baba akaingia chumbani, akatoka na sanda yake mwenyewe.

Niwaeleze waliokulia mbali na mambo haya. Mzee akirudi hija zamani alileta sanda aliyoichovya katika maji ya Zamzam, akaiweka sandukuni kungoja siku yake. Babu yangu alileta mbili, yake na ya mwanawe. Baba aliitunza ile yake kuliko kitu chochote nyumbani, imekunjwa pamoja na ubani. Sisi watoto tulikuwa tumeiona mara moja, na kwa mbali.

"Itandike hii," akamwambia Mama. "Ikae mwezi. Kisha uifue."

"Mwalimu, hii imetoka Makka."

"Baraka haitoki kwa kufuliwa."

"Na ikitoboka?"

"Nitazikwa na matundu, na nitajua ni kazi ya mikono yangu. Siwezi kuweka butini nguo za mama za watu, kisha yangu nikaificha kabatini."

Mama akaipokea kwa mikono miwili, kama tunavyopokea msahafu.

Mwezi ule ulikuwa mrefu. Ilipofika siku, Mama aliifua sanda peke yake nyuma ya nyumba, akatufukuza sote. Kupitia dirishani nilimwona akiinyosha mbele ya uso wake, hatua kwa hatua, pindo hadi pindo, jua likiwa nyuma yake. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akaianika. Ilipokauka akaikunja, akairudisha sandukuni, akalichukua furushi lake la bafta, akaenda kuliweka butini.

"Bi Zuhura, ilitokaje?" Baba akauliza.

"Si umeniona nimeweka mzigo wangu?"

"Nimeona. Nataka kusikia."

"Mwenye macho haambiwi tazama," akajibu, akaenda zake jikoni.

Tangu hapo ikawa mchezo wao. Miaka na miaka, tukiwa mezani, au njiani, Baba alimchokoza: "Hujaniambia bado ilitokaje." Naye Mama: "Kunywa chai yako, Mwalimu."

Masika yaliyofuata yule mtu wa baiskeli alikuja tena, asubuhi, maji yakimtiririka. Mke wa mdogo wake alikuwa amefariki wakati wa kujifungua, kule Kangemi. Shule zilikuwa zimefungwa, hapakuwa na wa kuniachia, nikapandishwa kiti cha nyuma, jini likiwa nyuma ya mgongo wangu. Baba akasoma dua yake. Akageuza ufunguo, na gari likanguruma mara moja, sauti nene ambayo hatukuwahi kuisikia kwake. Baba hakugeuka, lakini masikio yake yalisogea; alikuwa anatabasamu.

Tulipita Kawangware. Njia ile wakati huo ilikuwa udongo mwekundu mtupu, na kabla ya Kangemi kuna bonde lenye kijito, kisha mlima. Lori la mboga lilikuwa limekwama katikati, na gari jingine dogo limelala ubavuni mwa mtaro. Wanaume waliokuwa wakichimba matairi wakatupungia mkono turudi.

"Mwalimu, hapa hapapitiki," mmoja akaita. "Hata hilo lori limeshindwa."

Mama alikuwa ametazama mbele tu. "Ni mwanamke mdogo," akasema polepole. "Ameacha mtoto."

Baba akashusha gia, akasema bismillahi, akaenda. Nilitazamia tuteleze kama zamani, mkia wa gari ukiyumba huku na huku kama wa bata. Haukuyumba. Uzito wa ile betri ulikuwa umekaa juu ya magurudumu ya nyuma ukiyakandamiza matopeni, nayo yakashika, yakauma, yakapanda. Hilo hatukulitazamia sote. Hata Mohinder hakulisema. Tulilipita lori. Wale watu walisimama na majembe yao, na mmoja akavua kofia.

"Baba," nikasema tulipofika juu, kwa sababu sikuweza kunyamaza zaidi, "jini letu lina nguvu."

"Jini gani?"

Nikamwambia yote: maji ya Ijumaa, nguo zilizoliwa, dua. Mama akaanza kusema "astaghfirullah", akashikwa na kicheko akashindwa kuimaliza, katika njia ya msibani. Baba hakucheka. Tulipofika, baada ya Mama kupokewa ndani na vitu vyake, aliniita nyuma ya gari, akanifunikia mwavuli, akafungua mfuniko wa sanduku.

"Tazama. Ni maji, asidi kali, na vipande vya madini ya risasi. Mungu ndiye aliyeviumba na kuvipa tabia yao. Sisi ametupa akili ya kuvikalisha pamoja, na subira ya kukosea tukarudia. Hicho ndicho alichotutiishia."

Nilihuzunika kidogo kulikosa jini langu. Kisha nikaviona vifuko vya magadi, na mishono ya Mama, midogo, iliyonyooka, ambayo nilikuwa nimeiona mapindoni mwa nguo zangu zote. Na lami iliyopakwa kwa kidole cha Baba, alama ya kidole bado ipo. Nikafikiri kwamba kuwa na baba aliyelitiisha jini ni jambo kubwa, lakini baba na mama waliofanya vile bila jini ni wakubwa zaidi. Fahari ile sijaivua mpaka leo, na namwomba Mungu asiihesabu kuwa kiburi.

Yule mwanamke alizikwa kabla ya alasiri, katika nguo nyeupe isiyo na doa. Mtoto wake aliishi.

Gari lilikuja kuuzwa, likifuatiwa na mengine, na Mohinder akahama na familia yake. Baba aliishi akawa mzee wa mkongojo. Alipofariki, Mama naye alikuwa amechoka, magoti hayamtii. Dini yetu inamruhusu mke kumwosha mumewe, naye alisema ataifanya kazi hiyo mwenyewe, mimi nimsaidie kwa kukabidhi vitu kutoka mlangoni. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuirithi amana yake na kuosha wengi.

Alipomaliza kumwosha, akanyosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Leta sanda. Kwanza itie maji mapindo yote, uitazame mwangani."

"Mama, ni ileile. Ulishaitazama."

"Itazame."

Nikaichovya pindo moja baada ya jingine katika maji yenye karafuu maiti. Nikaiinua mbele ya dirisha, hatua kwa hatua, kama nilivyomwona akifanya nyuma ya nyumba yetu. Jua la asubuhi lilisimama upande wa pili wa nguo, wala halikupata mahali pa kupenya.

"Nzima, Mama," nikasema.

"Sema kwa sauti."

"Nzima. Haina hata tundu moja."

Mama alikuwa ameweka kiganja chake juu ya kifua cha Baba.

"Najua," akasema. "Nilitaka na yeye asikie."